Kwenda Babati Kuwakumbuka Waliorusha Roketi

Niliondoka Arusha kwenda Babati kwa sababu baba yangu aliniita. Hakuandika, maana macho yake hayakuwa yakiona mstari tena. Alimpa maneno dereva wa lori la mahindi, naye akanifuata mpaka shuleni ninakofundisha, akasimama kwenye geti ameshika kofia mkononi kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Mwalimu Emiliana," akasema, "mzee wako anasema uje. Kuna sherehe ya kuwakumbuka watu wa kwanza walioanzisha mambo ya kurusha roketi. Na yeye amepewa nafasi ya kusema ukumbini, mbele ya mgeni wa nje."

Nilimuuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Akasema amesikia vizuri, na kwamba mzee aliyarudia maneno hayo hata baada ya lori kuwashwa.

Hapa lazima nieleze. Baba yangu ni Mwiraqw wa Mbulu aliyehamia Bagara, pale Babati. Akiwa kijana alikwenda Tanga kukata mkonge kama wenzake wengi, na kiwandani fundi mmoja wa mitambo akamfundisha kuchomelea vyuma. Kutoka Tanga akavuka mpaka akaingia Kenya. Siku hizo mtu alivuka tu. Huko akasikia kwamba juu ya Mombasa, upande wa Malindi, kuna Wazungu wamesimamisha majukwaa ya chuma katikati ya maji ili warushe roketi, na wanatafuta watu wa kuchomelea. Maji ya chumvi yalikuwa yanakula chuma bila kupumzika. Kazi ya baba na wenzake ilikuwa kukwangua kutu na kuchomelea upya: ngazi, vizuizi vya pembeni, miguu ya jukwaa. Mwaka lilipotangazwa Azimio la Arusha, roketi iliruka kutoka pale ikiwa na setilaiti, na baba aliiona ikiondoka.

Alirudi Babati akasimulia. Hakuna aliyemwamini. Wakampa jina la Mzee Roketi, na jina hilo likatufuata sisi watoto wake. Nilipokuwa darasa la tatu wenzangu walikuwa wakiniona wanatoa mdomoni mlio wa kitu kinachoruka, kisha wanaanguka chini kwa kucheka. Mama alikuwa akimwambia baba aache kusimulia. Baba hakuacha, alipunguza tu sauti. Kwa hiyo niliposikia kwamba amepewa nafasi ya kusema mbele ya watu, ukumbini, na mgeni wa nje akiwepo, nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa.

Stendi ya Arusha, asubuhi, hakukuwa na basi la Babati. Lililokuwepo lilikuwa juu ya mawe, halina matairi, na kondakta wake alikuwa amelala ndani. Ilikuwa ile miaka ya shida ambayo wenzangu mnaijua: sukari kwa kibali, sabuni kwa foleni, dizeli kwa kujuana. Nilikuwa nimepata nusu mche wa sabuni ya kufulia, na nilikuwa nimeufunga katika khanga kama dhahabu, ili nikafue shati la baba la sherehe. Nikarudi kwa yule yule dereva wa lori, ambaye alikuwa anarudi mtupu. Akanipa nafasi mbele.

Makuyuni tulisimamishwa kwenye kizuizi. Mgambo alipanda mpaka kwenye kiti changu, akapekua kikapu, akafungua khanga, akaitazama sabuni.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Ya biashara?"

"Ndugu, nusu mche ni biashara gani? Ni ya kufulia shati la baba yangu."

Akaninusisha ile sabuni kama vile mimi ndiye nisiyeijua, akauliza risiti. Sikuwa na risiti. Wakati tunabishana, gari la serikali aina ya Landrova likatupita, nyuma limefunikwa turubai ambalo lilikuwa halijafunika vizuri. Niliona magunia ya sukari na makreti ya soda. Kizuizi kilinyanyuliwa kabla hata gari halijapunguza mwendo. Mgambo alipiga saluti. Kisha akarudi kwenye sabuni yangu.

Tulipoachiwa, dereva aliwasha lori. Halafu akasema, "Ule mzigo ni wa sherehe ya kwenu. Kamati imeombewa kibali maalum."

Huko nyuma nilikuwa nimeacha wanafunzi wanaokunywa uji usio na sukari, na hapa sukari inakwenda kuwakumbuka watu wa roketi.

Minjingu mvua ilikuwa imeharibu barabara. Lori lilizama mpaka kwenye ekseli, na abiria wa magari mengine yaliyokwama walishuka kutusukuma, nasi tukawasukuma wao. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka kliniki na mtoto mgongoni alisukuma pamoja nasi, miguu yake imezama kwenye tope, na hakuna aliyemwambia apumzike kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu za kubakiza. Magugu tulinunua ndizi mbivu. Tulipoona ziwa la Babati upande wa chini ya mlima, jua lilikuwa bado lipo, na nilishukia njiapanda ya Bagara nikiwa na tope mpaka magotini.

Nyumbani, mama alikuwa anachambua maharage mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanong'ona kabla sijaingia: "Usimcheke. Anajisemea mwenyewe tangu juzi."

Kweli, baba alikuwa amekaa ndani kwenye kiti cha kamba, amenyooka, mikono magotini, midomo inatembea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Emiliana. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na sabuni."

Akatabasamu. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kufa kabisa. La kushoto lilikuwa linaona kivuli na mwanga. Moto wa kuchomelea ulimla macho, maana miaka ile wengi walichomelea kwa kukunja uso tu. Nilikaa karibu yake nikamuuliza atasema nini kesho.

"Sitasema mambo ya roketi," akasema. "Hayo watayasema wao, wana picha. Mimi nataka kutaja watu. Kazungu. Charo. Omolo. Na yule mpishi, Mzee Hamisi. Tulikuwa wengi, lakini hao ndio niliolala nao chumba kimoja. Mpaka wa Kenya umefungwa, sijui nani yu hai. Mimi macho yamekwisha, na kifua hiki unakisikia. Nikifa mimi, hapa Babati nani atajua kwamba palikuwa na Kazungu?"

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo. Nikishataja nitakaa chini."

Mama, kutoka mlangoni, akasema, "Na utaje na jina lako."

"Langu wanalijua," baba akajibu. "Wanalicheka kila siku."

Asubuhi iliyofuata nilifua shati, nikalianika kwenye ua wa miba, kisha nikaenda mjini kuuliza baba atakaa wapi, maana haoni na nilitaka awe karibu na njia. Mwenyekiti wa kamati ya maadhimisho alikuwa mtu mnene, wa heshima, aliyevaa suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne. Alinikaribisha vizuri. Akaniuliza habari za Arusha. Nilipotaja jina la baba, akaweka kalamu chini.

"Ah, huyo mzee. Ndugu Mwalimu, jambo lake limeangaliwa upya."

"Limeangaliwa vipi?"

"Alipoombwa hatukuwa na taarifa kamili. Tulisikia tu kwamba alifanya kazi ya roketi. Kumbe aliifanya Kenya. Kwa mabepari, manyang'au wale. Na roketi zenyewe zilikuwa za nchi za kibeberu. Mgeni wetu wa kesho, samahani, wa leo, anatoka nchi rafiki. Tutamwelezaje?"

"Utamweleza kwamba ni mzee wa Bagara aliyechomelea jukwaa la kurushia roketi."

"Jukwaa la nani?"

"La chuma," nikasema. "Chuma hakina chama."

Hakupenda. Akasimama, akaniambia kwa sauti ya kumfundisha mtoto kwamba waanzilishi wa anga ni watu wanaojulikana duniani, na kuchomelea ni kazi ya kawaida ambayo hata pale gereji ya Maisaka ipo. Nikamuuliza kama roketi ingesimama hewani bila jukwaa. Akasema mjadala umekwisha, mzee anaweza kuja kusikiliza kama mwananchi mwingine yeyote.

Nilirudi Bagara nikitembea haraka kiasi kwamba watu walinigeukia. Nilitaka kumwambia baba tusiende. Nilipomweleza, alipapasa shati lililokuwa mapajani mwake, tayari limekauka.

"Lina joto bado," akasema. "Twende."

Ukumbini, mchana, palikuwa pamejaa. Nusu ya watu walikuja kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba sukari itagawiwa. Akina mama wa Sigino walikuwa wamekaa chini sakafuni na vibuyu na mifuko mitupu. Wafugaji wawili wa upande wa Hanang walisimama na fimbo zao mlangoni. Kwenye ukuta walikuwa wamebandika picha kubwa: mtu wa kwanza kwenda juu, amevaa kofia yake nyeupe, roketi zimesimama kama minara, wahandisi wenye miwani. Na picha ya mbwa.

Meza kuu ilikuwa na kitambaa cheupe, soda, na bakuli la sukari ya kutia kwenye chai. Nililiona bakuli lile kabla ya kumwona mtu yeyote.

Mwenyekiti alisema kwa muda mrefu. Sitamsingizia, baadhi ya aliyoyasema yalikuwa mazuri. Aliwasifu watu wale kwa ujasiri wao, na mimi pia nawaheshimu. Mtu aliyekubali kufungwa juu ya pipa la moto asijue kama atarudi, huyo ni mtu. Kisha akafika kwenye mbwa. Akaeleza jinsi alivyookotwa barabarani, jinsi alivyopelekwa juu peke yake, na jinsi alivyofia huko. Akataja jina la mbwa. Akalirudia ili tulishike. Akatuomba tusimame kumpa heshima.

Tukasimama. Baba yangu pia alisimama, nimemshika mkono, asijue anasimama kwa ajili ya nani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani amekufa?"

"Mbwa, Baba."

"Mbwa gani?"

"Yule waliyempeleka juu."

Akatikisa kichwa. Jina la mbwa lilitajwa na wilaya nzima ikasimama, na Kazungu hana hata mtu wa kumtaja.

Tulipokaa, baba hakukaa. Alibaki amesimama, akanyoosha mkono. "Ndugu Mwenyekiti, naomba kusema."

Mwenyekiti akajifanya hajasikia. Baba akarudia, kwa Kiswahili chake kizito cha milimani. Watu wakaanza kugeuka. Mtu mmoja nyuma akatoa mlio ule ule wa mdomo niliousikia darasa la tatu, na wengine wakacheka. Lakini mama mmoja wa Sigino, jina lake Mama Theresia, ambaye sikuwa namfahamu kabla, akasema kwa sauti ya juu, "Mwacheni mzee aseme. Tumesikia ya mbwa, tutashindwa ya mtu?"

Mgeni wa nje, Mzungu kijana mwenye uso mwekundu kwa jua, aliinama kumuuliza mwenyekiti kwa Kiingereza huyu mzee anataka nini. Mimi najua Kiingereza. Nilisikia jibu lote. Mwenyekiti alimwambia kwamba mzee anaomba sukari.

Nimeishi na hasira nyingi katika maisha yangu, hasira za foleni, za kizuizi, za mishahara. Ile ilikuwa nyingine. Nilisema kwa sauti, kwa Kiingereza, kwamba si kweli. Sikupata nafasi ya kuendelea. Mwenyekiti aliashiria, na mgambo aliyekuwa mlangoni, kijana mrefu aitwaye Gwandu, akaja akamshika baba kiwiko.

"Mzee, twende nje," Gwandu akasema. Hakumvuta. Alimwongoza kama mtu anayemvusha mzee wake barabara, na hilo liliniuma kuliko kama angemsukuma.

Nje, kwenye ngazi, kulikuwa na manyunyu. Nilidhani tumekwisha. Kisha Mama Theresia akatoka na kibuyu chake, akakaa ngazi ya chini. Na mwingine akatoka. Wale wafugaji wawili wakajongea na fimbo zao. Hawakuwa wengi, walio wengi walibaki ndani wakingojea sukari, na siwalaumu. Mama Theresia akasema, "Haya, Baba Emiliana. Sema ulichotaka kusema."

Baba akageuza uso kule alikosikia sauti. Kwa muda niliogopa kwamba amesahau. Kisha akaanza.

"Walitutoa jukwaani siku ile," akasema. "Walituweka ufukweni, mbali, wakatuambia ni hatari. Mzee Hamisi alikuwa amepika maharage. Charo hakula, alikuwa amefunga. Omolo alisema haitaruka, aliweka dau la sigara. Halafu kitu kikawaka kule majini. Sauti ilikuja nyuma, baada ya mwanga. Ilitupiga hapa." Akajigusa kifua. "Mzee Hamisi alilia. Kazungu aliniambia, 'Ile ngazi waliyopandia ni ile tuliyochomelea Jumanne.' Ni hilo tu. Kazungu, Charo, Omolo, Mzee Hamisi. Kama wapo hai Mungu awape afya. Kama wamekufa, wajue wametajwa Babati."

Mmoja wa wale wafugaji, mzee wa makamo, akauliza, "Na hicho kitu kilirudi?"

"Hakikuwa cha kurudi," baba akasema. "Kilikaa juu kikizunguka."

"Mpaka leo?"

"Hapana. Baadaye kilianguka, kikaungua."

Yule mfugaji akafikiri. "Basi nyinyi ndio mliobaki," akasema.

Njiani kurudi Bagara nilikuwa bado nachemka. Nilisema nitaandika mkoani, nitaandika magazetini, nitamwaibisha yule mtu. Nilisema, mbwa, Baba, mbwa. Baba alitembea akiwa ameshika bega langu, akasema, "Usimwonee wivu mbwa, Emiliana. Mimi nilirudi nikakulea wewe. Yeye hakurudi."

Hasira haikuondoka. Nawaambia ukweli, haijaondoka mpaka leo.

Asubuhi ya kuondoka, Gwandu alikuja nyumbani bila sare. Alimwamkia baba, akakaa kwenye kigoda bila kualikwa, akatazama mikono yake. Alisema mkewe alikuwa miongoni mwa waliotoka nje, na kwamba usiku alikataa kuzungumza naye.

"Niliamriwa, mzee," akasema.

"Najua," baba akasema. "Ulinishika vizuri."

"Nataka kuuliza. Kuchomelea, ni vigumu kujifunza?"

Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nilipowaaga walikuwa wamekaa pamoja, baba akimweleza jinsi ya kulinda macho. Hilo ndilo aliloanza nalo, kabla ya moto, kabla ya chuma.

Safari ya kurudi ilikuwa fupi kuliko ya kwenda. Mvua ilikuwa imekatika na Minjingu tulipita bila kushuka. Sukari, nilisikia baadaye, haikugawiwa. Gunia moja lilionekana dukani kwa jamaa wa mwenyekiti, na bei yake sitaki kuirudia.

Arusha, nilipoingia darasani wiki ile, somo la Sayansi lilikuwa linaelekea kwenye anga na vyombo vyake. Niliandika ubaoni majina ya wale walio kitabuni, kwa haki yao, na sikumwacha mbwa. Chini yao nikaandika: Kazungu, Charo, Omolo, Mzee Hamisi, na jina la baba yangu, Boay. Nikawaeleza watoto kila mmoja alifanya nini. Walinakili bila kucheka, maana kwao majina yote yalikuwa mapya sawasawa. Hakuna aliyewahi kuwaambia yapi ya kuheshimu na yapi ya kuchekea. Hapo ndipo nilipojifunza nilichokwenda kujifunza Babati. Nilikuwa nangoja wakubwa wamtaje baba yangu, na muda wote chaki ilikuwa mkononi mwangu.

Mwalimu mkuu aliona swali nililotunga kwa mtihani wa muhula, la kuwataja watu waliofanya kazi kwenye jukwaa la roketi. Aliniita ofisini, akaniuliza majina hayo yametoka muhtasari gani. Nikamwambia hayamo kwenye muhtasari wowote. Akaniambia nilifute. Nikasema, kwa heshima zote, sitalifuta, na kama anataka kulifuta basi alifute yeye kwa mkono wake, mbele yangu.

Alishika kalamu muda mrefu. Kisha akaiweka chini, akasema nifunge mlango nikitoka. Swali lilibaki, na kila mtoto aliyeandika Kazungu nilimpa alama zake zote.